Chungu, Ngoma na Mwili wa Mwanamke: Ibada ya Kihindu Ikitazamwa kutoka Asiatique

Katika dini nyingi Mungu husemwa kwa lugha ya baba, mfalme au mchungaji. Wahindu nao wana miungu wa kiume, lakini hawakuishia hapo. Kwa karne nyingi wameuchonga, wameuchora na kuuabudu mwili wa mwanamke: mwili unaopigana vita, unaozaa, unaotoka damu, unaomwaga mali. Insha hii inauliza swali moja. Mwili wa mwanamke ukifanywa kuwa alama takatifu, mwanamke mwenyewe anapata nini?

Nimelichagua swali hili kwa sababu nimekulia Buyenzi, na kwa miaka mingi njia yangu ya shule ilipita Asiatique, mtaa wa wafanyabiashara ulio jirani yetu hapa Bujumbura. Nililijua duka la Mhindi kama kila mtoto wa mji huu anavyolijua, yaani kwa bei ya daftari na kitambaa. Nilipoanza kusoma historia ndipo nilipotaka kujua kuhusu picha zilizotundikwa juu ya meza ya fedha. Kadiri nilivyosoma habari za India, ndivyo nilivyozidi kuikumbuka ngoma ya Burundi. Kwa hiyo nitaanzia Asiatique, niende India, kisha nirudi nyumbani. Hoja yangu ni kwamba alama peke yake haitoi jibu. Jibu hupatikana tukiuliza ni nani anayeruhusiwa kuishika.

Wahindu katika mji wa ziwani

Jina la Asiatique ni kumbukumbu ya ukoloni. Chini ya utawala wa Wabelgiji, mji wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ulipangwa kwa kutenga watu: Wazungu mahali pao, Waasia na Waarabu mahali pao, Waafrika mahali pao. Waswahili walikaa Buyenzi. Hata hivyo Wahindi walikuwa wamefika kabla ya Wabelgiji. Walifuata njia ya biashara ya zamani iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, na waliendelea kuja wakati wa Wajerumani. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa zilizopakiwa Dar es Salaam ziliweza kufika kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kwa siku chache, badala ya miezi ya msafara.

Ni muhimu kumtofautisha Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, dini yake iwe yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Asiatique ni Waislamu, hasa Waismailia, na Wahindu ni wachache. Waswahili wa zamani walikuwa na neno la kuwatenga hawa wa mwisho: Baniani. Neno hilo limebaki katika methali, “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Methali hiyo inaeleza mengi kuhusu uhusiano wetu. Tulimjua Baniani kwa kitu alichouza, hatukumjua kwa ibada yake.

Wahindu wengi waliokuja Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Katikati ya karne ya 19, Wahindu waliofanya biashara Zanzibar hawakuja na wake zao. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunaharibu usafi wa kidini, na mwanamume aliyerudi alitakiwa kutakaswa. Mwanamke hakuruhusiwa kabisa kuingizwa katika hatari hiyo. Mume alikaa Zanzibar miaka kadhaa, akarudi kwao, akaja tena. Familia zilianza kuja kwa wingi baadaye, hasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Jambo hili lina uzito kwa mada yetu, kwa sababu ziko ibada ambazo mwanamume peke yake dukani anaweza kuzifanya, na ziko ambazo bila wanawake haziwezekani.

Ibada ya dukani ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Katika picha anayoijua kila mfanyabiashara, Lakshmi yuko juu ya ua la yungiyungi, ana mikono minne, na kutoka katika kiganja kimoja zinadondoka sarafu za dhahabu. Wakati wa Diwali, Wagujarati huleta vitabu vipya vya hesabu, huvitia alama kwa unga mwekundu na kumwomba Lakshmi aubariki mwaka wa biashara. Kizingitini huchorwa nyayo ndogo zinazoelekea ndani, ishara kwamba mungu huyo ameingia nyumbani. Bibi harusi naye huingia nyumba ya mumewe kwa mfano huo huo. Husukuma kwa mguu chombo kidogo kilichojaa mchele, nafaka zikamwagika ndani, na wakwe humpokea kama Lakshmi aliyewajia. Hapo mwili wa mwanamke halisi umevikwa maana ya mungu.

Mwili uliochongwa na mwili uliovikwa sari

Picha hiyo ya dukani ina historia yake. Mchoraji Raja Ravi Varma (1848–1906) alianzisha kiwanda cha kuchapa picha karibu na Mumbai mwaka 1894. Kabla ya hapo, kumtazama mungu katika sanamu kulihitaji kwenda hekaluni, na si kila tabaka liliruhusiwa kuingia. Picha zilizochapwa ziliuzwa kwa bei ndogo, zikatundikwa jikoni, karakana na dukani, na zilikunjika kirahisi ndani ya sanduku la msafiri. Ravi Varma aliwavika Lakshmi na Saraswati sari, akawapa nyuso za wanawake wa heshima wa zama zake. Sura hiyo ndiyo iliyosambaa duniani pamoja na wafanyabiashara.

Sanaa ya zamani haikuwa hivyo. Katika malango ya mawe ya Sanchi, yaliyochongwa karibu na karne ya kwanza kabla ya Kristo, mwanamke ameshika tawi la mwembe, kifua wazi, nyonga imejipinda. Sanchi ni mahali pa Wabuddha, lakini sura hiyo ni ya India yote, na mahekalu ya Kihindu yaliirithi. Watu waliamini kwamba mti hutoa maua ukiguswa na mguu wa msichana. Kwa hiyo mwanamke huyo aliwekwa mlangoni kwa sababu aliaminika kuleta baraka, na mtu aliyepita chini yake alipita chini ya alama ya uzazi. Katika uwanda wa Dekani kuna sanamu za Lajja Gauri, ambaye mahali pa kichwa ana ua la yungiyungi na miguu yake imefunguka kama ya mama anayejifungua. Wanawake waliotaka watoto walimpelekea maombi yao.

Wamisionari na maofisa wa Kiingereza walipoziona sanamu za namna hii katika karne ya 18 na 19, wengi walizihukumu kuwa ni uchafu. Wahindu wasomi waliishi ndani ya hukumu hiyo, na naona kwamba sari ya Ravi Varma haiwezi kueleweka bila kuikumbuka. Mwili uliokuwa alama ya rutuba ukageuzwa kuwa alama ya adabu. Sisi tuliosimuliwa jinsi wamisionari walivyowavika bibi zetu hatuwezi kuona jambo hili kuwa geni.

Mwili wa kike katika sanaa ya Kihindu hauzungumzii uzazi peke yake. Katika maandiko yaitwayo Devi Mahatmya, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na karne ya 6, jini Mahishasura, mwenye umbo la nyati, anawashinda miungu wote. Miungu wanatoa mwanga kutoka miilini mwao, na mwanga huo unakusanyika kuwa mwanamke, Durga. Uso wake unatokana na mwanga wa Shiva, mikono na mwanga wa Vishnu, na kila mungu anampa silaha. Kwenye ukuta wa pango la Mahabalipuram, uliochongwa katika karne ya 7, anaonekana amepanda simba, anavuta upinde, na jini linarudi nyuma. Kali naye huchorwa amesimama juu ya mwili wa Shiva uliolala. Wafuasi wa Kali hueleza kwamba Shiva bila Shakti, yaani nguvu ya kike, ni maiti tu.

Kutokana na mifano hii tunaweza kusema kwamba mwili wa mwanamke unabeba maana tatu: uzazi, mali na nguvu. Kwa maneno ni heshima kubwa. Lakini anayechonga sanamu ni mwanamume, na anayeihudumia hekaluni kwa kawaida ni kuhani mwanamume. Ili kuona mwanamke akiishika alama kwa mikono yake, inabidi tuondoke hekaluni twende uani.

Chungu chenye taa

Chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Kihindu, ambamo sanamu kuu imewekwa, huitwa garbhagriha. Griha ni nyumba, na garbha ni tumbo la uzazi. Ni chumba kidogo, chenye giza, kisicho na dirisha, na anayetoka humo ni kama aliyezaliwa upya. Mswahili hahitaji maelezo marefu. Sisi wenyewe tumbo la uzazi tunaliita mji wa mimba. Kwao ni nyumba, kwetu ni mji. Katika lugha zote mbili mimba ina makazi.

Neno hilo garbha ndilo lililozaa garba, ngoma ya Wagujarati. Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, huadhimishwa Navaratri, usiku tisa wa kumtukuza mungu wa kike. Huchukuliwa chungu cha udongo chenye matundu ubavuni, na ndani huwashwa taa. Chungu ni tumbo, taa ni uhai uliomo ndani. Wanawake hukizunguka wakipiga makofi na kuimba, usiku hadi usiku. Katikati ya mzunguko hakuna mfalme wala kuhani. Kuna tumbo linalowaka.

Tofauti na hekalu, chungu hakihitaji jengo wala mchongaji. Mfinyanzi yeyote anaweza kukifinyanga, na mama wa nyumbani anaweza kukiweka uani. Ndiyo maana kilisafiri vizuri. Wake na mabinti walipowafuata wanaume Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, ibada ya mungu wa kike ilipata miili yenyewe. Dukani mwanamume mmoja na picha moja vilitosha. Garba ilihitaji wanawake wa nyumba kumi, wenye kujua nyimbo na kushika mzunguko, na waliwafundisha binti zao waliozaliwa hapa. Mwanahistoria anayesoma kumbukumbu za forodha na leseni za biashara hatakutana na wanawake hawa, kwa kuwa kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa majina ya waume. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka garba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Siku hizi wanaume pia hucheza, na katika miji mikubwa chungu mara nyingine hupotea kati ya vipaza sauti. Lakini kwa asili yake, hii ni ibada ambayo mwanamke ndiye anayeishika.

Miiko

Hapa ndipo inapolazimu kusema upande wa pili. Katika nyumba nyingi za Kihindu, mwanamke aliye katika siku zake haingii mahali pa sala wala hagusi taa ya ibada. Wasichana wadogo huoshwa miguu na kuabudiwa kama mungu katika siku za mwisho za Navaratri, lakini kwa desturi heshima hiyo huishia wanapovunja ungo. Mjane, ambaye zamani alivuliwa bangili na kufutwa rangi nyekundu ya kichwani, alitengwa na sherehe za harusi kwa kuogopwa kuwa ataleta mkosi. Basi ni mwili wa aina fulani tu unaoabudiwa: ule ambao haujaanza kutoka damu, au ule ulio na mume.

Mfano mgumu zaidi ni hekalu la Kamakhya huko Assam. Hakuna sanamu ndani yake. Kinachoabudiwa ni mwamba wenye ufa unaotoa maji ya chemchemi, nao unatazamwa kuwa uke wa mungu Sati, ulioanguka hapo mwili wake ulipokatwa vipande. Kila mwaka mwezi Juni hekalu hufungwa siku tatu, kwa sababu mungu yuko katika hedhi. Likifunguliwa, mahujaji hugombea vipande vya nguo nyekundu. Damu ambayo kwa binti wa nyumbani ni mwiko, kwa mungu ni baraka ya kusafiria maili nyingi.

Upande wa kusini, katika jimbo la Kerala, hekalu la Sabarimala liliwazuia wanawake wote wa umri wa miaka 10 hadi 50, kwa hoja kwamba mungu wake Ayyappan ameapa kutooa. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama Kuu ya India iliamua kwamba zuio hilo linavunja katiba. Maandamano yalizuka, na miongoni mwa waandamanaji walikuwamo wanawake wengi waliosema kwamba wako tayari kusubiri mpaka wafike miaka 50. Hatupaswi kuwacheka. Kwao mwiko ulikuwa namna ya heshima, na mahakama ilionekana kama mgeni aliyeingilia jambo la ndani. Lakini wako pia wanawake waliopanda mlima huo chini ya ulinzi wa polisi, nao walikuwa waumini.

Ngoma yetu

Msomaji wa Burundi anaweza kufikiri kwamba haya ni mambo ya mbali. Naomba aitazame ngoma. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Ngoma kubwa ya kifalme, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1966. Ilikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kwake kama mke, aliyeitwa Mukakaryenda. Na ngoma ya kawaida, ile inayochongwa kutoka mti wa umuvugangoma, sehemu zake zina majina ya mwili wa mama: amabere, yaani matiti, inda, yaani tumbo, umukondo, yaani kitovu. Urugori ni taji ambalo mama Mrundi huvaa kichwani kwa sababu amezaa, na ngoma nayo ina urugori wake. Kwa kifupi, ngoma ni mama aliyesimama.

Anayempiga ni nani? Wanaume. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ile ile ambayo garba iliingia baadaye. Oktoba 2017 amri ya rais iliyopanga matumizi ya ngoma iliwakataza wanawake kuipiga. Waliruhusiwa kucheza ngoma zao za kike pembeni ya sauti yake. Kabla ya hapo walikuwa wameanza kutokea wanawake wapigaji.

Nikiviweka vyombo hivi viwili pamoja, chungu cha Gujarat na ngoma ya Burundi, naona vinafanana kuliko nilivyotarajia. Vyote viwili ni tumbo la mama, na vyote vinatumiwa kuita rutuba: garba mwisho wa mvua za India, ngoma katika umuganuro, sikukuu ya kifalme ya mtama. Vyote vimesifiwa na UNESCO. Tofauti ni moja tu. Chungu kimebaki mikononi mwa wanawake, ngoma imefungwa kwa sheria mikononi mwa wanaume. Kwa hiyo mtu anayesema, “Utamaduni wetu unamheshimu mwanamke, tazama ngoma yetu ni mama,” hajasema bado kitu kamili. Wahindu wangeweza kusema hivyo hivyo kuhusu Kamakhya.

Wapo watakaojibu kwamba mwiko wa ngoma ni wa kale, na cha kale hakiguswi. Historia haikubaliani nao kirahisi. Mungu wa kike aliyekuwa kifua wazi Sanchi alivikwa sari katika kiwanda cha picha, na waumini hawakumwacha. Mwanamke wa Kihindu ambaye bahari ilimtia najisi aliivuka, na garba ikachezwa upande huu wa bahari. Karibu na kwetu, nchini Rwanda, ambako pia ngoma ilikuwa ya wanaume, Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kundi la wanawake wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya, yaani ngoma mpya, na kwa lugha hiyo pia utawala mpya. Mila zina milango, na mara nyingi walioipitia kwanza ni wale walioambiwa haipo.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba katika sanaa na ibada ya Kihindu mwili wa mwanamke ni lugha ya uzazi, mali na nguvu, na kwamba lugha hiyo ilifika Afrika Mashariki kwa njia mbili: kwanza kama picha ndani ya sanduku la mfanyabiashara, kisha kama ibada katika miili ya wanawake waliovuka bahari. Nimeonyesha pia kwamba dini ile ile inayoabudu tumbo inaweza kumfungia mlango mwenye tumbo. Haya si ya Wahindu peke yao. Tunaoishi kati ya Asiatique na Buyenzi tunazo alama zetu, na tunapaswa kuzisoma kwa macho yale yale tunayotumia kusoma za jirani.

Kwa wanafunzi wenzangu wa historia, napendekeza kwamba tusitosheke na kuuliza alama ina maana gani. Tuulize pia ni nani aliyeichonga, ni nani anayeitunza, na ni nani akiigusa anapelekwa kwa polisi.